Msimamizi wa Mirathi si Mmiliki: Mahakama ya Mwanzo na Maisha ya Kila Siku

Kwa wananchi walio wengi, neno mahakama huleta picha ya pingu, kizimba na askari. Mtu akiaga nyumbani kwamba anakwenda mahakamani, jirani humuuliza amefanya nini. Ukweli ni kwamba wengi wa wanaokaa kwenye mabenchi nje ya Mahakama ya Mwanzo asubuhi hawakukosa lolote. Yupo aliyefiwa na anataka kufungua mirathi, yupo mama anayedai talaka, yupo mwenye duka aliyekopesha saruji na hajalipwa mpaka leo. Wamefika hapo kwa sababu jambo lao limefika mahali ambapo maneno ya ndugu, jirani na kiongozi wa mtaa hayatoshi tena. Linahitaji uamuzi wenye nguvu ya sheria.

Tunaliandika hili katika jarida la Halmashauri kwa sababu ofisi za kata na vijiji hupokea mara kwa mara wananchi wanaotaka Mtendaji awaamulie. Mtendaji anaweza kuandika barua ya utambulisho, kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa mkazi wake, na kuwaelekeza wahusika waende wapi. Hawezi kugawa nyumba ya marehemu, wala kuvunja ndoa, wala kumpa mtu umiliki wa shamba linalogombaniwa. Ibara ya 107A ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano imeikabidhi Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki, na Ibara ya 107B inataka mahakama ziwe huru katika kazi hiyo. Karatasi iliyogongwa muhuri wa kijiji ikisema nyumba sasa ni ya fulani haiwezi kuchukua nafasi ya uamuzi wa mahakama, hata ikiwa na sahihi ishirini.

Katika mambo yote yanayopelekwa kwenye mahakama hizi, tumechagua kukaa zaidi kwenye mirathi. Msiba hauchagui nyumba, na ni katika mirathi ndipo watu wema hupoteza mali bila kujua walipoipotezea.

Kikao cha ukoo na uteuzi wa mahakama

Tuchukue mfano. Fundi seremala amefariki dunia. Ameacha mjane na watoto wanne, wa mwisho yuko darasa la tatu. Ameacha nyumba ya vyumba vinne, shamba la ekari mbili, pikipiki, akiba kidogo benki, na deni la mbao kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini. Baada ya arobaini ukoo unakutana. Baba mdogo wa watoto anapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, kwa hoja kwamba yeye ndiye mwenye kujua maofisi. Muhtasari unaandikwa na kila mmoja anaweka sahihi. Mjane naye anatia dole gumba, akiambiwa kwamba ni ya mahudhurio tu.

Wiki mbili baadaye pikipiki haionekani. Mwezi unaofuata anakuja mtu na futi ya kupimia kiwanja. Mjane akiuliza, anajibiwa kwamba mwenye mali alikwisha kuteuliwa na ukoo.

Jibu hilo lina makosa mawili. La kwanza ni kwamba ukoo hauteui msimamizi. Kikao cha ukoo hupendekeza jina, na ni desturi njema kwa kuwa huwakutanisha ndugu na kupunguza ubishi mbele ya hakimu. Lakini anayeteua ni mahakama, na mpaka itakapoteua, baba mdogo hana mamlaka juu ya pikipiki kuliko aliyonayo jirani. Mahakama Kuu imekwisha kueleza katika mashauri kadhaa kwamba muhtasari wa kikao cha ukoo si sharti la kisheria la kufungua mirathi. Kwa hiyo mjane ambaye wakwe wamekataa kuitisha kikao hajafungiwa mlango. Anaweza kwenda mwenyewe kuomba, akaeleza jambo hilo.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Hata baada ya kuteuliwa, msimamizi si mmiliki. Kazi yake ni ya mtumishi: kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni halali, kugawa kinachobaki kwa warithi kwa mujibu wa sheria inayowahusu, na kutoa hesabu mbele ya mahakama iliyomteua. Akiwa yeye mwenyewe ni mrithi, atapata sehemu yake kama warithi wengine. Asipokuwa mrithi, cheo chake hakimpi sehemu ya urithi.

Namna shauri la mirathi linavyokwenda

Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi pale ambapo marehemu alikuwa na makazi ndani ya eneo la mahakama hiyo, na sheria inayohusika na mirathi yake ni ya kimila au ya Kiislamu. Kama si hivyo, maombi hupelekwa mahakama ya juu yake. Hapa pana swali linalowasumbua wengi: marehemu Mkristo aliyeishi kijijini kwa taratibu za kimila ataingia kundi gani? Mahakama huangalia namna alivyoishi na nia aliyoionyesha katika uhai wake, haiangalii jina la ubatizo peke yake. Ni vema kumweleza karani hali halisi kabla ya kulipia chochote, maana shauri lililofunguliwa katika mahakama isiyo na mamlaka laweza kufutwa baada ya miaka, na familia ikaanza upya.

Mwombaji hujaza fomu ya maombi, akaambatanisha cheti cha kifo kinachotolewa kupitia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), pamoja na muhtasari wa kikao kama upo na wosia kama marehemu aliuacha. Ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na mwombaji hupewa stakabadhi. Asiyepewa stakabadhi ajue kwamba fedha yake haikuingia mahakamani.

Kisha mahakama hutoa tangazo. Ni karatasi ambayo watu huipita ubaoni bila kuisoma, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Tangazo humwambia kila mwenye haki, awe mjane, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa au mfanyabiashara wa mbao anayedai, kwamba fulani ameomba kusimamia mirathi ya fulani, na mwenye pingamizi afike tarehe iliyotajwa. Mjane wa mfano wetu, ambaye hakuelewa alichotia dole gumba, ana siku yake hapa. Anaweza kusimama mbele ya hakimu, kwa Kiswahili chake cha kawaida na bila wakili, akasema kwamba hakuridhia, kwamba pikipiki imekwisha kuuzwa, na kwamba anaomba ateuliwe yeye, au wateuliwe wawili kwa pamoja. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, inaruhusu mahakama kuteua msimamizi mmoja au zaidi miongoni mwa wenye maslahi katika mirathi. Inaruhusu pia, pale familia isipopatana kabisa, kumteua ofisa wa mahakama au mtu mwingine mwaminifu asiye na upande. Anayenyamaza siku hiyo bado anaweza kurudi baadaye, ila atarudi akiwa na kazi ngumu zaidi, pengine nyumba ikiwa imekwisha kuuzwa kwa mtu wa tatu.

Baada ya uteuzi, kanuni za mwaka 1971 zinazosimamia mirathi katika Mahakama za Mwanzo humpa msimamizi miezi minne kuwasilisha Fomu Namba V. Humo huorodhesha mali zote na madeni yote ya marehemu: nyumba, shamba, pikipiki, akiba, deni la mbao. Mahakama inaweza kumwongezea muda akieleza sababu. Kisha huwasilisha Fomu Namba VI, ambayo ni hesabu ya kile kilichopatikana, kilicholipwa na kilichogawiwa, na nani amepata nini.

Tunawasihi wasomaji wazikumbuke fomu hizi mbili. Familia nyingi hudhani shauri limekwisha siku hakimu alipomteua msimamizi. Hupongezana, hupiga picha, wakarudi nyumbani. Kwa hakika siku ile ndiyo limeanza. Mrithi yeyote ana haki ya kwenda mahakamani, akataja namba ya shauri, akauliza kama Fomu Namba V imewasilishwa. Ikiwa miezi minne imepita bila fomu wala sababu, anaweza kuomba msimamizi aitwe ajieleze. Ikiwa fomu ipo lakini haina pikipiki, anaweza kusema hivyo. Mahakama ikiona sababu ya kutosha yaweza kutengua uteuzi na kuweka mwingine, na msimamizi aliyekula mali za warithi anaweza kuwajibishwa. Lakini mahakama haina jicho ndani ya nyumba ya mtu. Haitajua kwamba pikipiki ilikuwepo mpaka mtu aseme.

Neno moja kwa wanunuzi. Mtu akikuuzia kiwanja cha marehemu, mtake akuonyeshe barua ya usimamizi iliyotolewa na mahakama, kisha uwaulize warithi wenyewe, hasa mjane na watoto wakubwa. Bei ya chini sana huwa na sababu yake.

Mila, binti na shamba la ukoo

Wapo watakaosema kwamba kwao mila haimruhusu mwanamke kushika ardhi ya ukoo. Hoja hiyo ilikwisha kupimwa mahakamani, na ilianzia katika Mahakama ya Mwanzo kama hizi zetu, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Mama mmoja mzee alirithi shamba kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wake. Ndugu wa ukoo akafungua shauri akidai kwamba mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo, ikifuata sheria ya kimila iliyoandikwa mwaka 1963, ikamkubalia. Mama akakata rufaa Mahakama ya Wilaya na kushinda. Ndugu naye akaenda Mahakama Kuu mjini Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ya kimila inayomnyima mwanamke uwezo alionao mwanamume inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na kwamba mama yule alikuwa na haki ya kuuza.

Shauri hilo linaonyesha pia ngazi za rufaa zilivyo. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo hukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kutoka hapo huenda Mahakama Kuu, vilevile ndani ya siku 30. Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979, hupokea mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo pale tu Mahakama Kuu inapothibitisha kwamba lipo suala la kisheria la kuamuliwa. Siku 30 ni chache kuliko zinavyosikika. Mtu akikaa wiki tatu akishauriana na majirani, atabaki na siku za kuhesabu za kutafuta nakala ya hukumu na kuandika sababu za rufaa. Nakala iombwe siku ileile hukumu inaposomwa.

Ardhi ina mlango wake

Mgogoro wa mpaka wa shamba haupelekwi Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, imeweka njia tofauti, na wananchi wengi hupoteza nauli na ada kwa kutolijua hilo. Kijijini lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Katika kata lipo Baraza la Kata. Wazee wetu walizoea kuliona baraza hilo likitoa hukumu za ardhi, na kweli lilikuwa na uwezo huo. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliuondoa, na sasa kazi yake katika migogoro ya ardhi ni usuluhishi tu. Likishindwa kuwapatanisha, hutoa cheti kuthibitisha hivyo, na mlalamikaji huenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo huamua. Siku 30 zikipita bila Baraza la Kata kukamilisha usuluhishi, mlalamikaji anaweza kuendelea mbele bila cheti hicho. Tunasisitiza: anayekuonyesha karatasi ya Baraza la Kata ya miaka hii akidai kwamba imempa ushindi wa shamba, amekuonyesha kitu ambacho baraza hilo halina uwezo wa kukitoa.

Kudai ardhi nako kuna ukomo wake, ambao ni miaka 12. Aliyeona jirani akilima upande wake tangu mtoto wake yuko tumboni, na sasa mtoto huyo amemaliza darasa la saba, hana muda wa kusubiri mavuno mengine.

Ndoa, watoto na madeni

Katika ndoa, Sheria ya mwaka 1971 inataka wenzi wafike kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kuomba talaka, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria. Baraza halivunji ndoa. Likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama, ikiwemo Mahakama ya Mwanzo. Kuhusu mgawanyo wa mali, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke, yaani kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Mama aliyepeleka shauri lile hakuambulia nyongeza, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kutumia vibaya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara. Ila kanuni iliyowekwa siku ile imewasaidia wanawake wengi waliokuja baada yake. Na nyumba ya familia, ndoa ikiwa bado ipo, haiuzwi wala kuwekwa rehani na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwingine.

Madai ya matunzo ya mtoto huangukia chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Mahakama ya Watoto. Hapo Ofisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri ana sehemu yake, na mama au mlezi anaweza kuanzia katika ofisi hiyo.

Kuhusu madeni hatuna mengi ya kusema, ila moja: andikeni. Mwenye duka aliyetajwa mwanzoni, aliyekopesha saruji, atashinda au kushindwa kwa kijikaratasi chenye tarehe, kiasi na sahihi. Ushahidi wa mdomo hukubaliwa, lakini mashahidi huhama, husahau, na wengine huoa katika familia ya mdaiwa.

Ukipokea wito

Wito wa mahakama si hukumu. Ni taarifa kwamba lipo jambo linalokuhusu na mahakama inataka kukusikia. Ibara ya 13 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa. Asiyefika ameitupa haki hiyo mwenyewe, na shauri laweza kusikilizwa upande mmoja. Soma tarehe, namba ya shauri na jina la mahakama, kisha ufike asubuhi mapema. Ukiwa mgonjwa, tuma taarifa yenye uthibitisho. Na kwa aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai, akumbuke kwamba dhamana hailipiwi kwa mtu yeyote. Wadhamini husaini ahadi ya fedha, na fedha hiyo hudaiwa pale tu mshtakiwa anaporuka dhamana. Anayekuomba "hela ya dhamana" mkononi anakuomba rushwa.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kutafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya Halmashauri itamwelekeza. Mwanzoni mwa kila mwaka, katika Wiki ya Sheria, watumishi wa Mahakama hutoa elimu na ushauri kwa wananchi bila malipo.

Mwisho ni kuhusu malalamiko, maana hupelekwa mahali pasipo pake karibu kila wiki. Ukiona hakimu amekosea katika kupima ushahidi au kutafsiri sheria, dawa yake ni rufaa. Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi au Diwani hawezi kuibadili hukumu. Ukiwa na ushahidi kwamba hakimu amevunja maadili, kwa mfano ameomba rushwa, malalamiko hupelekwa kwa maandishi katika Kamati ya Maadili ya Maofisa wa Mahakama ya Wilaya, ambayo Mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Andika jina la mahakama, namba ya shauri, tarehe na kilichotokea, ubaki na nakala yako.